Alama Niliyoifuta kwa Msasa

Nyokabi mwanangu,

Barua yenye adabu huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Yako naijua. U mzima, tena una nguvu, maana saa nane hii umeufunga mlango kwa kishindo mpaka kalenda ikaanguka. Umekwenda kuwaaga rafiki zako, na mimi nimekaa kwenye kiti chako hapa mtaani Jamhuri, na kalamu yako, na daftari lako la kemia ambalo lina kurasa tupu nyingi kuliko ulivyokuwa ukiniambia. Sitainuka mpaka nimalize.

Kesho unaenda Kisumu, chuo cha ufundi. Sitakuandikia habari za soksi, wala za kuchemsha maji, wala za wavulana. Hayo nimekuimbia tangu uote meno, na kama hayajaingia, karatasi haitayaingiza. Nataka kuandika juu ya jambo moja tu, lile lililokufanya usiniamkie kwa wiki tatu. Unawaambia watu kwamba nilikunyima Uingereza kwa sababu ya neno moja. Ni kweli. Nilikunyima. Na yule bwana akirudi kesho na saa yake ile ile, nitakunyima tena.

Lakini unaisimulia vibaya hadithi yenyewe, kwa hivyo niache niisimulie mimi, na wewe upinge nikikosea.

Yule bwana wa Spring Valley, kule kwa matajiri, aliingia dukani River Road amebeba saa ya ukutani kifuani kama mtoto aliyelala. Wewe ulikuwa umekalia stuli yangu, unakula andazi langu. Mzee Pritam, Kalasinga wangu mwenye duka, ambaye siku hizi macho yanamwona mtu kama moshi, akamwambia, "Mpe mama. Macho ya hii duka ni yeye." Ulisikia. Nilitaka usikie, ndiyo maana nilichelewa kidogo kuinuka.

Nikafungua sanduku, nikautoa mtambo, nikaugeuza. Unajua hayo, umelelewa chini ya meza ile, lakini niache nijisifu. Watu hutazama uso wa saa, namba zake na mbao zake. Mimi hutazama mgongo. Matumbo yote ya saa, magurudumu na springi na nyundo, yamebanwa kati ya mabamba mawili ya shaba, na bamba la nyuma ndilo kipande chake, kitambulisho chake. Hapo ndipo kiwanda kinapopiga muhuri. Hii ilikuwa na nyota ndogo, chini yake nambari mbili, na chini ya nambari maneno ya Kizungu yanayosema Ujerumani Magharibi.

"Bwana," nikamwambia, "saa yako ni nzuri. Imezaliwa baada ya vita vya pili."

"Haiwezekani. Hii ni ya masetla wa kwanza."

"Masetla wa kwanza walikuja Ujerumani ikiwa moja. Nchi haiandiki Magharibi mpaka ipasuliwe kwanza."

Akacheka, meno mazuri. Akasema ana mnunuzi, Mzungu, anayetaka ya masetla na si nyingine. Neno lenyewe ni moja, mama, msasa wa dakika tano, halafu barua fupi yenye muhuri wa duka. Kisha akakutazama wewe na makombo yako. "Huyu ni msichana wako? Shemeji yangu ana duka la saa Uingereza. Anatafuta kijana wa kufundisha, miaka miwili, chakula na kitanda. Naweza kumwandikia leo hii, amwalike."

Nyokabi, niliuona uso wako. Usidhani sikuuona.

Nikaenda kwenye droo nikatoa msasa. Hilo nawe uliliona, na hilo huwasimulii rafiki zako. Nikakata kipande, nikakikunja, nikakiweka juu ya lile neno. Mkono ulikuwa tayari umeinama. Kisha nikauondoa, nikamrudishia mtambo wake.

"Mama, mimi namfikiria mtoto," akasema.

"Na mimi namfikiria yeye huyo huyo. Wewe fikiria gari lako, umeziba njia ya mikokoteni."

Alipoondoka ukanivuta mpaka nje, mbele ya duka la misumari. "Mathe, neno moja! Neno moja la Kizungu, na Kizungu chenyewe hujui! Kwani we ni nani, polisi wa saa?" Wauza misumari wote waligeuka. Sikukujibu. Ulidhani nimekosa jibu. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa linaniaibisha, na aibu mimi sina mazoezi nayo.

Sasa lisome.

Nilipoingia duka lile nilikuwa na darasa la nne na wewe mgongoni. Hakukuwa na baba wa kudai jina, ndiyo maana nilikupa la mama yangu bila kuomba ruhusa ya mtu, na ndiyo maana nilihitaji kazi yoyote. Mzee Pritam aliniajiri kufagia, kuchemsha chai, na kupangusa mabamba kwa mafuta ya taa. Kwake ilikuwa kazi ya mikono. Lakini mimi nikipangusa kitu nakitazama. Nikaanza kuona kwamba migongo haifanani. Huyu ana nyota, huyu ana mishale, huyu ana ndege. Nyota ya huyu iko peke yake, ya yule imezungushiwa duara. Huyu hana jina la nchi kabisa, huyu anayo. Huyu bamba lake ni zito, zima, huyu limetobolewatobolewa kana kwamba mtu alikuwa akiiba shaba. Kwa kuwa Kizungu sikukijua, nilichora. Nilinunua daftari la miraba na kila alama niliyokutana nayo niliichora, na pembeni nikachora mwenye saa: kilemba, au msalaba, au miwani, au pua kubwa kama alikuwa nayo.

Siku Mzee Pritam alipolikuta nilijua nimefukuzwa. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa. "Wewe mama," akasema, "kwani shetani ya saa imekuingia?" Kuanzia hapo akawa ananifundisha. Saa zisizoandikwa nchi mara nyingi ndizo vikongwe, maana zamani viwanda havikulazimishwa kuandika. Nambari mbili za mgongoni, moja ni urefu wa pendulamu, kile chuma kinachobembea, na nyingine ni mara ngapi inabembea kwa dakika. Hizo ni nambari za kuiangalia saa kama imekaa nyumbani kwake, mwanangu. Ukiwa na mtambo mkononi na sanduku liko kwingine, pima pendulamu iliyobaki sandukani. Zikilingana, ni mtu na mkewe.

Nikawa najua kuliko wanaume waliosomea. Unakumbuka yule jamaa wa suti na saa yake ya Kimarekani, aliyesoma tarehe mgongoni akatangaza kwamba ina miaka mia moja? Nilimwambia mbele ya watu, hiyo ni tarehe ambayo mvumbuzi alipewa haki ya wazo lake. Wazo laweza kuwa la babu, na saa ikawa ya mjukuu. Duka zima lilicheka. Nilipenda sana duka likicheka. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipokuwa.

Sasa ile Jumapili ya Agosti, wanajeshi walipojaribu kuchukua serikali na mji ukaporwa, ulikuwa na miaka minane, ukajificha chini ya kitanda na sufuria kichwani. Jumatano nilitembea kwa miguu mpaka River Road. Mlango wa duka ulikuwa umelala barabarani. Saa zote za kuuza zilikuwa zimekwenda. Lakini mitambo ya wateja ilikuwa imemwagwa sakafuni, yote, kwa sababu mtambo usio na sanduku mwizi anauona chuma chakavu. Unajua tunavyofanya kazi: saa ya ukutani fundi huifuata nyumbani, akachomoa mtambo akaondoka nao, sanduku na pendulamu vikabaki ukutani kwa mwenyewe. Kila mtambo ulikuwa na karatasi yake yenye jina, imefungwa kwa uzi. Karatasi zilikuwa zimekanyagwa zikawa matope. Kitabu cha majina kilichomwa.

Mzee Pritam alikuwa amekaa juu ya debe, miwani yake imepondwa mkononi. "Nimeisha, mama," akasema. "Saa za watu nitamrudishia nani?"

Nikatoa daftari langu kifuani. Nilikuwa nalo, nililala nalo siku zote nne. Nikamwambia, "Shika taa."

Nitajisifu na usinizuie. Mitambo thelathini na mmoja. Nikachukua mmoja mmoja, nikageuza mgongo, nikatafuta mchoro, nikataja mwenyewe. Nyota yenye duara, bamba zito: yule daktari wa Ngara. Ndege na nambari iliyopigwa upande: kanisa la Kikuyu. Ishirini na tisa, Nyokabi, bila kukosea hata mmoja. Mzee Pritam alilia, akaniita dada mbele ya ndugu zake.

Ikabaki miwili.

Miwili hiyo ililetwa wiki uliyougua surua, nami nilikuwa nyumbani nakupaka dawa. Sikuwa nimeichora. Kiwanda kimoja, nyota ile ile, ukubwa ule ule. Mmoja uliandikwa Ujerumani tu. Mwingine ulikuwa na Magharibi yake. Wateja waliobaki, kwa kumbukumbu ya Mzee Pritam, nao walikuwa wawili: Mama Kusum wa Parklands, ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa, na Mzee Gathogo wa Dagoretti, mkulima, mwenye koti moja.

"Na hizi?" Mzee Pritam akauliza.

Hapa ndipo nilipopaswa kusema sijui. Neno fupi, hata darasa la nne linatosha. Ningeweza kupanda nikaenda Parklands na Dagoretti nikapima pendulamu, kazi ya siku moja. Lakini nilikuwa nimetaja ishirini na tisa, watu wamesimama mlangoni wananitazama kama nabii, na nabii hasemi sijui.

"Huu wa zamani ni wa Mama Kusum," nikasema. "Huu mpya ni wa mzee wa Dagoretti."

"Una hakika? Mimi bila miwani sioni kitu."

"Nina hakika."

Unajua hakika yangu ilitoka wapi? Sikuisoma shabani. Niliisoma kwenye koti la Mzee Gathogo. Nilijiuliza, mkulima wa Dagoretti, mtu kama baba yangu, saa ya umri ule angeitoa wapi? Mimi, binti wa shamba, niliyetukanwa na kila mwenye duka kwamba sitajua kitu, ndiye niliyefikiri hivyo. Hakuna Mhindi wala Mzungu aliyenisukuma.

Baada ya mwezi mzee akarudi dukani, kofia mkononi. Ilikuwa siku ya watu wengi. "Mama," akasema kwa upole, "hii si saa yangu. Inakimbia. Na sauti yake si ile. Yangu ilikuwa ya zamani, baba yangu alipewa na wamisheni alipowachongea milango ya kanisa."

Nami nikamjibu, na nitakuandikia vile nilivyosema, nisijipake mafuta: "Mzee, saa haijabadilika, masikio ndiyo yamezeeka. Na hiyo ya wamisheni uliiota lini?"

Duka likacheka.

Nikamwambia alete pendulamu, nikalegeza nati, uzito ukashuka kidogo, saa ikaacha kukimbia. Pendulamu za saa zile mbili zilikuwa zimepishana sentimita moja na kitu tu, na nati ikatosha kuufunika uongo wangu. Akavaa kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga duka letu tena.

Mwaka uliokuwa ukijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane, Mama Kusum alileta saa yake kusafishwa. Wakati huo nilikuwa nafungua mabamba mwenyewe. "Inachelewa, mama," akaniambia, "tangu ile fujo inachelewa tu. Na ilikuwa saa safi, mume wangu alinunua mpya kabisa, baada ya vita, mwaka tulipata mtoto wa kwanza." Akaenda kununua mboga. Nami nikabaki na bisibisi mkononi.

Nikafungua. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi: kila akimaliza mtambo, hukwaruza kwa sindano upande wa ndani wa bamba, pasipoonekana, mwaka na alama ya mteja. Baba yake Mzee Pritam, aliyekuwa fundi kabla yake, aliandika mwaka kwa tarakimu za kwao, na Mzee Pritam alikuwa amenifundisha kuzisoma. Nikaweka lenzi jichoni. Thelathini na nne. Miaka mingi kabla ya Mama Kusum kuolewa. Na kando ya mwaka, msalaba mdogo. Hiyo ndiyo alama yake aliyowapa watu wa misheni.

Mzee Gathogo hakuota.

Mzee Pritam alikuwa nyuma ya pazia anakula. Ningemwita. Ilikuwa hatua nne. Badala yake nikavuta droo, nikatoa msasa laini, nikasugua. Nilisugua msalaba, nikasugua mwaka, nikasugua mpaka shaba ikang'aa kama kijiko cha harusi. Dakika tano. Yule bwana wa Spring Valley hakukosea hesabu, ni dakika tano kamili. Kisha nikaufunga mtambo, nikapandisha nati ya pendulamu, na Mama Kusum aliporudi na mboga zake akakuta saa haichelewi tena. Alinipa embe.

Jioni hiyo ulikuja nyumbani na alama zako za majaribio, wa tatu darasani, ukaniambia, "Nataka kuwa kama wewe." Nilikupikia chapati. Sikula.

Kwa hivyo siku ile ulipoona msasa mkononi mwangu juu ya neno la watu, nilikuwa naukumbuka mkono wenyewe. Ulikuwa unajua kazi. Haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaona wewe ukisimama Uingereza, mbele ya fundi wa maana, amekupa mtambo auone ujuzi wako, nawe umefika pale kwa bamba lililosuguliwa na mama yako. Ungejua. Kila alama ungeisoma na ungejua.

Unaweza kusema nilikulipisha wewe kosa langu. Labda. Nimelifikiri hilo wiki tatu nikikusikiliza unavyonyamaza chumba cha pili, na sijapata pa kulikanusha. Lakini msamaha wa neno lile sikuombi. Ninaokuomba ni wa miaka mitano niliyokuacha ujivunie jicho langu huku nikijua limewahi kufumbwa kwa makusudi.

Sasa nikwambie ya wiki hii, maana huulizi.

Ijumaa nilimwambia Mzee Pritam kila kitu. Aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Siku ile mimi nilikuwa bila miwani," akasema mwishowe. "Wewe ulikuwa na macho." Ningependa angepiga kelele. Kisha akauliza, "Sasa unataka nini?"

"Nirudishe kila mtambo kwake. Na niseme."

"Useme wapi?"

"Palipochekwa."

"Mama, ukisema mbele ya wateja, kila mtu ataleta saa yake akiuliza kama ni yake. Hii duka itabaki na nini?"

"Na mimi."

"Na nikikufukuza?"

"Nitaweka meza hapo nje, chini ya kibao chako, na daftari langu. Utachagua wewe kama unataka wateja wanione ndani au nje."

Akafunika uso kwa mkono. Sijui kama alikuwa anacheka. Hajanijibu mpaka leo. Mama Kusum nilimpigia kwa simu ya duka. Nilipomaliza kumweleza, akasema, "Embe yangu nayo utarudisha?" Lakini ataleta.

Jana, ulipodhani nimeenda sokoni, nilikwenda Dagoretti. Nilivaa ile suti ya buluu, usiniulize kwa nini. Mzee Gathogo yuko hai. Amekuwa mdogo, amekaa mlangoni anachambua maharagwe na mkewe. Saa iko ukutani sebuleni, sanduku lake la zamani, na ndani yake mtambo wangu wa uongo, unatembea vizuri sana. Nilisikia ukigonga saa tano nikiwa bado getini.

Nikamwambia nikiwa nimesimama. Mkewe alitaka kunipa kiti, yeye akamzuia kwa mkono. Nilipofika kwenye msasa aliacha maharagwe.

"Mlango wa kanisa bado uko," akasema. "Ule wa upande wa kulia, ukiingia. Baba aliuchonga peke yake. Ungetaka kujua, ungekwenda kuutazama."

"Ndiyo, mzee."

"Saa nilizoea. Mtu huzoea. Lakini watoto wangu walikuwa wananiuliza habari ya ile saa ya wamisheni, na mimi nikaacha kuwasimulia. Niliona labda nimezeeka kweli, labda niliota. Hilo ndilo ulilochukua."

Nikainama, nikaokota maharagwe yaliyomwangukia.

"Lile duka," akauliza, "linajaa siku gani?"

"Mwisho wa mwezi, mzee. Na Jumatatu. Watu hutia saa ufunguo Jumapili, springi ikikatika, Jumatatu wako kwetu."

"Basi nitakuja mwisho wa mwezi. Nitavaa koti. Nawe utaniambia haya tena, wote wakisikia, kama siku ile."

Mkewe akasema, "Baba, mwache mama wa watu." Akamjibu, "Hakuniacha."

Nilikuwa na nafasi, Nyokabi. Mwisho wa mwezi ungekuwa mbali Kisumu, na mimi ningeyamaliza yangu, nikakuandikia barua tamu kwamba kazi inaendelea vizuri. Niliiona nafasi hiyo vile ninavyoona alama shabani. Nikamwambia, "Mzee, usingoje mwisho wa mwezi. Njoo Jumatatu hii. Saa nne."

Jumatatu ni kesho. Basi lako linaondoka saa sita, kutoka pale chini ya River Road, hatua chache na duka. Sanduku lako la bati nitalibeba mimi mpaka stendi asubuhi, uninunie au usininunie, kisha nitaingia kazini. Huna haja ya kuja. Sikualiki, maana hakuna anayealika mtoto wake kwenye jambo kama hilo, na kama utakaa juu ya sanduku lako ukisubiri basi, sitakulaumu.

Ila jua hili. Huko uendako, watu wa saa ni wachache na wanajuana. Siku moja mtu atakwambia, mama yako wa River Road si alimpa mkulima mtambo usio wake, akamcheka, akaufuta ushahidi? Usipigane naye. Mwambie ni kweli, na kwamba aliyeitangaza ni yeye mwenyewe.

Nitasimama mbele ya kaunta, si nyuma yake. Nitamwita Mzee Gathogo kwa jina lake na la baba yake. Na sitanong'ona. Nitasema kwa sauti ile ile niliyokuwa najisifia nayo, na unaijua ilivyo, inavuka barabara.

Naiweka barua juu ya viatu vyako, usiikwepe.

Ni mimi, Mama Nyokabi, wala sitaki kuitwa jina lingine.